Homa Inayomruka Ng'ombe

Simulizi ya kweli ya mwishoni mwa juma

SEHEMU YA KWANZA: Namba 3010

Mwaka 1956, mvulana wa miaka 13 aliugua ghafla mjini Stanleyville, mji ambao leo unaitwa Kisangani. Homa ilimpanda, kichwa kikamgonga, mgongo na viungo vikamuuma, akawa anatapika. Mwanga wa mchana ulimchoma macho.

Kwa mji ule wa kando ya Mto Kongo, uliokuwa bado chini ya Wabelgiji, homa haikuwa habari. Malaria ilikuwa ya kila siku, na homa ya manjano iliogopwa na kila mtu. Mgonjwa kama huyu angeweza kupewa dawa ya malaria, akarudishwa nyumbani na jambo likaishia hapo.

Halikuishia hapo, kwa sababu mjini humo palikuwa na maabara ya tiba ya jimbo, na mkuu wake, Daktari Courtois, alikuwa mtu wa kutaka kujua. Damu ya mvulana ikapelekwa huko.

Enzi zile hapakuwa na mashine ya kusoma vinasaba kwa saa chache. Mwindaji wa virusi alitegemea panya, tena panya mchanga wa siku chache tu, mwekundu, asiye na manyoya, macho bado yamefumba. Damu ya mgonjwa ilidungwa kwenye ubongo wa kiumbe huyo mdogo, kisha akarudishwa kwa mama yake na kuangaliwa kila siku. Akiacha kunyonya, akilegea, akifa, mtaalamu alijua kuna kitu ndani ya ile damu. Ubongo wa aliyekufa ulisagwa, ukadungwa kwa wachanga wengine, na wakifa hao nao, shaka ilikuwa imekwisha.

Hapa weka jambo moja akilini, msomaji. Kirusi hiki kinaua panya wachanga, lakini panya wakubwa wenye afya hawakiugui. Wakati ule ilionekana ni tofauti ndogo, jambo la mafundi wa maabara. Nusu karne baadaye tofauti hiyo itasimama njiani kama jabali, na kwa muda hakuna atakayeweza kuipita.

Damu ya mvulana iliua panya wachanga. Kirusi kilichopatikana humo kikapewa namba 3010, kwa kuwa jina hakikuwa nalo.

Kazi iliendelea, na ilikuwa kazi ya mikono mitupu: damu, sindano, ubongo uliosagwa, vyombo vya kioo vinavyovunjika. Vyumba vilivyofungwa hewa na mavazi ya kumfunika mtu kutoka utosini hadi unyayoni vilikuwa mambo ya miaka mingi mbele.

Kisha maabara ile ikapata kirusi kingine, pacha wa kile cha kwanza. Kikaandikwa namba 3011. Damu kilikotoka haikuletwa kutoka wodini wala kijijini.

Ilikuwa damu ya Daktari Courtois mwenyewe.

*ITAENDELEA*

SEHEMU YA PILI: Nchi mbili, homa moja

*ILIPOISHIA: Maabara ya Stanleyville imepata kirusi kisichojulikana kwenye damu ya mvulana wa miaka 13. Muda si mrefu, kirusi hichohicho kinaonekana kwenye damu ya mkuu wa maabara.*

*SASA ENDELEA…*

Courtois alipona. Lakini sasa ilikuwa wazi kwamba kitu hiki hakihitaji mwaliko. Mkono unaogusa damu ya mgonjwa unatosha.

Sampuli za Stanleyville zilivuka mpaka hadi Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki. Hapo ndipo kirusi cha Zika kilipogunduliwa mwaka 1947, na wataalamu wake walizijua homa za misituni kama mvuvi anavyoijua bahari yake. Wakavilinganisha virusi vya Kongo na vile walivyokuwa wameviokota kwa wagonjwa wa Uganda. Vilikuwa vilevile. Baadhi ya wagonjwa hao wa Uganda walikuwa wafanyakazi wa maabara ya Entebbe wenyewe.

Mwaka 1967, makala mbili zilichapishwa katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki, East African Medical Journal. Simpson, Woodall, Williams, Courtois na wenzao wakautangazia ulimwengu ugonjwa mpya wa Afrika. Wakakiita kirusi hicho Congo.

Waliamini ni kipya. Kumbe mtu mwingine alikuwa akikifukuza tangu mvulana wa Stanleyville akiwa bado mtoto mdogo.

Turudi mwaka 1944, rasi ya Crimea, kwenye Bahari Nyeusi. Jeshi la Kisovieti lilikuwa limewatoa Wajerumani. Wakati wa vita mashamba yalikuwa yameachwa, majani yamepanda, sungura wa porini wamezaana bila mtu wa kuwawinda. Wanajeshi wakapelekwa kuwasaidia wakulima kuvuna. Watu wapatao 200 wakaanguka mmoja baada ya mwingine: homa kali, uso mwekundu, kisha madoa ya damu chini ya ngozi, damu puani, damu kwenye fizi.

Moscow ikamtuma Mikhail Chumakov. Huyu hakuhitaji kuhadithiwa kupe anaweza kumfanyia mtu nini. Mwaka 1937, akitafiti homa nyingine ya kupe Mashariki ya Mbali ya Urusi, aliambukizwa. Ikamwacha na masikio mazito na mkono wa kulia uliopooza. Alikwenda Crimea na mkono mmoja mzima, na haraka jicho lake likaangukia kwa kupe.

Ugonjwa aliutambua. Kukikamata kirusi na kukitunza maabara ndiko kulikomshinda. Mwaka ukapita, muongo ukapita, wa pili nao ukapita. Hadi mwaka 1967 ndipo timu yake ilipofanikiwa, na ilifanikiwa kwa njia ileile ya Stanleyville: damu ya mgonjwa kwenye ubongo wa panya wachanga.

Sasa kulikuwa na virusi viwili, kimoja cha Afrika, kimoja cha Kisovieti. Wa kuvikutanisha alikuwa Jordi Casals, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, aliyekuwa na mkusanyiko mkubwa wa virusi vya kupe na mbu. Katikati ya Vita Baridi, sampuli kutoka Moscow zilifika mezani kwake. Alichukua kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya kirusi cha Crimea akazikutanisha na kirusi cha Congo. Zikakishika. Akageuza jaribio upande wa pili. Zikakishika tena.

Mwaka 1969 alichapisha matokeo: askari wa Crimea na mvulana wa Stanleyville waliugua kitu kimoja. Ndiyo maana leo ugonjwa huu unaitwa homa ya Crimea-Kongo.

Makala ile ilikuwa haijapoa, Juni mwaka huohuo, Casals akaanza kutetemeka kwa baridi. Misuli ikamuuma. Homa ikapanda, na ikakataa kushuka.

*ITAENDELEA*

SEHEMU YA TATU: Vumbi la dhahabu

*ILIPOISHIA: Jordi Casals wa Yale amethibitisha kwamba homa ya Crimea na homa ya Congo ni moja. Miezi michache baadaye anaanguka kwa homa kali.*

*SASA ENDELEA…*

Haikuwa homa ya Crimea-Kongo. Casals alikuwa pia akichunguza kirusi kingine kipya, cha Lassa, kutoka Nigeria, na hicho ndicho kilichompata. Madaktari walimtafuta Lily Pinneo, muuguzi mmisionari aliyeugua Lassa nchini Nigeria akapona. Wakachukua majimaji ya damu yake yaliyojaa kingamwili, wakamtia Casals mwilini. Akanusurika. Fundi mmoja wa Yale aliyepatwa na Lassa baadaye hakubahatika, alifariki.

Tukio hilo lina somo letu lote. Damu ya aliyepona hubeba kumbukumbu ya adui. Chanjo ni kuupa mwili kumbukumbu hiyo bila kuupitisha mtu kaburini kwanza. Basi kwa nini homa ya Crimea-Kongo, iliyojulikana tangu 1944, haijapata chanjo inayotambulika duniani?

Jibu linaanzia zizini.

Kupe anayebeba homa hii ni wa jamii ya Hyalomma. Ni mkubwa, rangi ya kahawia iliyoiva, miguu ina mistari ya rangi mbili. Kupe wengi hukaa kwenye jani wakinyoosha miguu ya mbele, wakimsubiri mpita njia. Hyalomma mkubwa hana subira hiyo. Ana macho, anahisi mtikisiko wa ardhi na pumzi ya mnyama, na akishajua windo liko wapi anatoka mafichoni na kulikimbilia.

Akiwa mdogo hunyonya sungura na ndege. Akikua hupanda kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo. Kirusi kinaingia kwenye damu ya ng'ombe na kukaa humo kama wiki moja. Katika wiki hiyo ng'ombe anakula, anacheua, anatoa maziwa. Hana homa, hadondoki, hakohoi. Mfugaji makini kuliko wote hawezi kuona kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe ni ngozi ya mnyama unayempenda.

Anayeugua ni binadamu: mchungaji aliyempasua kupe kwa kucha, mchinjaji ambaye damu ilimpata kwenye kidonda, muuguzi aliyemfuta mgonjwa mdomo. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya wagonjwa 100, hufa 10 hadi 40.

Wasovieti walikuwa wa kwanza kujaribu kutengeneza chanjo, na Bulgaria ikaanza kuchanja watu wake mwaka 1974. Kirusi kilikuzwa kwenye ubongo wa panya wachanga, kikauawa kwa klorofomu na joto, kikadungwa kwa wanajeshi, wahudumu wa afya na wakulima. Ugonjwa ulipungua Bulgaria. Lakini chanjo ya ubongo wa panya inazua hofu ya mzio, na ili kuitengeneza lazima kwanza ukuze kirusi hai kinachoua. Nchi nyingine hazikuikubali.

Njia mpya ilifunguka mwaka 1990, na ilifunguka kwa mshangao. Jon Wolff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walidunga DNA tupu kwenye msuli wa panya. Haikuvikwa chochote, wala haikubebwa na kirusi. Seli za msuli zikaipokea, zikaisoma, zikatengeneza protini iliyoandikwa humo.

Fikiria fundi cherehani: unampelekea vipimo tu, kitambaa na uzi anavyo mwenyewe. Chanjo ya DNA inafanya hivyo. Kipande cha maelekezo ya kirusi kinawekwa kwenye pete ndogo ya DNA iitwayo plasmidi, nayo inakuzwa ndani ya bakteria wa kawaida wa maabara. Ikiingia mwilini, seli zinashona lile ganda la kirusi, ganda tupu, na askari wa mwili wanajifunza kulitambua. Kirusi hai hakihitajiki popote katika kazi hiyo.

Mwaka 2006, watafiti wa taasisi ya jeshi la Marekani ya magonjwa ya kuambukiza, huko Fort Detrick, Maryland, walichapisha jaribio lao. Walipaka DNA ya kirusi cha Crimea-Kongo kwenye chembe za dhahabu laini kuliko vumbi, wakazifyatua kwenye ngozi ya panya kwa bunduki maalumu ya hewa. Karibu nusu ya panya wakatoa kingamwili.

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: kuwapa panya hao kirusi chenyewe, kuona kama chanjo inaokoa maisha.

Na hapo ndipo jabali la Stanleyville lilipowasubiri. Panya wachanga hufa, lakini ni wachanga mno kuchanjwa. Panya wakubwa wanaweza kuchanjwa, lakini ukiwapa kirusi, aliyechanjwa na asiyechanjwa wote wanaamka asubuhi wazima wa afya. Utajuaje ngao inafanya kazi kama mshale haumjeruhi mtu yeyote?

*ITAENDELEA*

SEHEMU YA NNE: Jengo lenye handaki

*ILIPOISHIA: Chanjo ya DNA imewapa panya kingamwili, lakini haiwezi kupimwa. Mnyama anayeugua homa hii kama binadamu hajulikani.*

*SASA ENDELEA…*

Ufunguo ulipatikana mwaka 2010, na waliupata watu wa timu mbili tofauti kwa wakati mmoja, Amerika ya Kaskazini na Sweden.

Seli ikivamiwa na kirusi hupiga kengele. Hutoa kemikali iitwayo interferoni, na seli za jirani zikiisikia hujifungia. Panya mkubwa huisikia mapema, ndiyo maana kirusi cha Crimea-Kongo hakimwezi. Basi watafiti wakazalisha panya viziwi: miili yao ilikosa chombo cha kuipokea kengele hiyo, au njia ya kuufikisha ujumbe wake ndani ya seli. Wakawapa kirusi. Panya wakafa baada ya siku chache, ini likiwa limeharibika, kama linavyoharibika kwa binadamu.

Kwa mara ya kwanza mshale ulijeruhi. Ngao sasa zingeweza kujaribiwa.

Mwaka 2014 Waingereza walitangaza chanjo iliyobebwa na kirusi dhaifu cha jamii ya ndui, ikiwa na protini za ganda la nje. Panya wote waliochanjwa walipona. Mwaka 2017, timu iliyohusisha Taasisi ya Karolinska ya Stockholm ilitangaza chanjo ya DNA iliyookoa panya wote. Mwaka huohuo Fort Detrick walionyesha kwamba DNA ya ganda la nje peke yake, ikitolewa mara tatu, inaokoa zaidi ya nusu.

Habari njema, lakini zilikuja na fumbo. Chanjo nyingi tunazozijua hupimwa kwa swali moja: je, kingamwili zinakizuia kirusi kisiingie kwenye seli? Kwa homa hii kipimo hicho kilidanganya. Wapo panya waliokuwa na kingamwili za namna hiyo kwa wingi, wakafa. Wapo waliokuwa nazo kidogo mno, wakaishi. Na je, panya kiziwi, ambaye kinga yake imeng'olewa kipande, anaweza kutoa ushahidi kwa niaba ya binadamu mwenye kinga kamili?

Alihitajika mnyama wa karibu zaidi nasi. Mwaka 2018 akapatikana: tumbili wa jamii ya makaki, akipewa aina ya kirusi iliyotoka kwa mgonjwa wa Kosovo. Yeye aliugua bila kung'olewa kitu chochote mwilini.

Kazi hiyo ilifanyika Hamilton, mji mdogo kwenye bonde la Bitterroot, jimbo la Montana, na mahali penyewe pana historia yake na kupe. Mwanzoni mwa karne ya 20 bonde hilo lilisumbuliwa na homa ya madoa iletwayo na kupe. Daktari Roscoe Spencer alitengeneza chanjo kwa kusaga kupe wenye ugonjwa, na mwaka 1924 akaijaribu kwa kujidunga mwenyewe. Serikali ilipojenga maabara hapo mwaka 1928, wakazi waliogopa kupe watatoroka usiku na kuingia majumbani. Jengo likazungushiwa handaki la maji, ili watu wapate usingizi.

Leo mahali hapo, Rocky Mountain Laboratories, pana vyumba vya usalama wa daraja la nne, daraja la juu kuliko yote. Anayeingia huvaa vazi linalopulizwa hewa kwa bomba, na hutoka kwa kuoga dawa.

Humo ndimo David Hawman, Heinz Feldmann na wenzao, wakishirikiana na Ali Mirazimi wa Karolinska, walimoleta chanjo yao. Ilikuwa na plasmidi za aina mbili. Moja ilibeba maelekezo ya ganda la nje la kirusi. Nyingine ilibeba maelekezo ya protini ya ndani, ile inayozifunga nyuzi za urithi wa kirusi, NP.

Tatizo la kale la chanjo ya DNA ni uvivu wa kuingia. Plasmidi ikidungwa hivihivi, nyingi huishia nje ya seli na kusambaratika. Kwa hiyo sindano ilifuatwa na umeme. Ncha nyembamba za chuma zinagusa msuli palepale dawa ilipoingia, mapigo mafupi yanapita, msuli unaruka. Katika muda huo mfupi utando wa seli unafunguka vitundu, DNA inazama ndani, vitundu vinajifunga. Tumbili wale walipitishwa hatua hiyo mara tatu, kwa wiki kadhaa.

Kisha siku ya hukumu ikafika. Wakiwa ndani ya mavazi yao, watafiti walidunga kirusi hai kwa waliochanjwa na kwa wasiochanjwa. Milango ikafungwa. Asubuhi iliyofuata, kazi ya kuchukua damu ikaanza.

*ITAENDELEA*

SEHEMU YA TANO: Nani atalipa?

*ILIPOISHIA: Tumbili waliochanjwa kwa DNA na wale ambao hawakuchanjwa wamepewa kirusi cha Crimea-Kongo. Dunia ya sayansi inasubiri.*

*SASA ENDELEA…*

Wasiochanjwa waliugua, virusi vikazaliana kwenye damu na viungo vyao. Waliochanjwa walikingwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika Nature Microbiology, na yalikuwa mara ya kwanza kwa chanjo yoyote ya homa hii kumkinga tumbili.

Timu haikutulia. Dozi tatu ni nyingi kwa mtu anayehamahama na mifugo. Mwaka 2023 walitangaza kwamba ratiba fupi ya dozi mbili inakinga pia. Katika kazi hiyohiyo walizitenganisha plasmidi ili kujua ni ipi inayofanya kazi, na hapo fumbo la kingamwili likaanza kufumbuka: NP, ile protini iliyofichwa ndani, inatoa kinga kubwa hata ikiwa peke yake. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakilitazama ganda. Kumbe sehemu ya siri ilikuwa moyoni.

Hilo ni jambo kubwa. Ganda la kirusi hiki linatofautiana kutoka nchi hadi nchi. Kirusi cha Uturuki si sawasawa na cha Uganda. NP haibadiliki sana. Chanjo inayoilenga ina matumaini ya kumfaa mchungaji wa Anatolia na wa Karamoja kwa pamoja.

Na wale waliosema DNA haitafanikiwa kamwe kwa binadamu walijibiwa Agosti 2021, India ilipoidhinisha ZyCoV-D dhidi ya Uviko-19, chanjo ya kwanza ya DNA kuruhusiwa kwa watu popote duniani. Huingizwa bila sindano, kwa mkondo mwembamba wenye nguvu unaopenya ngozi, na inavumilia joto la nyuzi 25 kwa miezi mitatu. Mtu aliyewahi kubeba kasha la chanjo juu ya pikipiki kwenda kijiji kisicho na umeme anaelewa uzito wa sentensi hiyo.

Basi mbona hadithi haijaisha?

Kwa sababu ya namna ugonjwa wenyewe unavyopiga. Haupigi mji mzima, ukatoa wagonjwa kwa maelfu mahali pamoja. Unamchukua mchinjaji hapa, mchungaji kule. Uganda imeuona katika wilaya ya Agago mwaka 2013, na tangu hapo tena na tena kwenye ukanda wake wa ng'ombe. Iraq, kati ya Januari na Mei 22, 2022, iliripoti wagonjwa 212, vifo 27. Uturuki, iliyoanza kuugua mwaka 2002, imepita wagonjwa 10,000, lakini hao ni wa miaka mingi. Ili kuthibitisha kwamba chanjo inaokoa watu, ungehitaji kuchanja umati mkubwa na kusubiri muda mrefu, wala huwezi kujua kupe wa msimu ujao atauma wapi. Majaribio ya mwanzo kwa watu wa kujitolea yapo. Oxford ilianza ya kwake, ya teknolojia tofauti, mwaka 2023. Hatua ya mwisho, ile ya maelfu ya watu, ndiyo yenye bei kubwa kuliko zote.

Na wateja ni nani? Ni mchunga mbuzi, mchuna ngozi, muuguzi wa zamu ya usiku kwenye hospitali ya wilaya. Kampuni ya dawa ikipiga hesabu ya watu hao haioni faida. Mimi nasema hesabu hiyo ni batili. Kirusi hiki kilijulikana Afrika kwa damu ya mtoto wa Kongo na ya daktari aliyemchunguza, kikatambuliwa na wafanyakazi wa Entebbe walioambukizwa wakikifanyia kazi. Watu wa mahali hapa wamekwisha kulipa sehemu yao, tena kwa sarafu ghali kuliko fedha. Serikali zetu na mashirika ya dunia ndiyo yanayodaiwa.

Wapo wataalamu wanaotazama njia nyingine: waache watu, wachanje wanyama. Wazo hilo si geni. Chanjo ya DNA ya farasi dhidi ya kirusi cha West Nile iliidhinishwa Marekani mwaka 2005, miaka 16 kabla ya India kuruhusu ya kwanza ya binadamu. Ng'ombe akichanjwa, ile wiki moja ya kirusi kwenye damu yake huenda isiwepo tena. Kupe atanyonya damu isiyo na kitu. Mchinjaji atachinja salama. Kijiji kizima kitakingwa bila mtu yeyote kuchomwa sindano.

Ni wazo zuri, na lina mwiba mmoja. Mfugaji wa Afrika Mashariki hutoa fedha yake kwa chanjo ya ndigana kali kwa sababu amewazika ndama. Ameona kwa macho yake. Homa ya Crimea-Kongo haijawahi kumuulia hata ndama mmoja, haijampunguzia hata kikombe cha maziwa. Ni homa inayomruka ng'ombe ikamwangukia mwenye ng'ombe.

Siku daktari wa mifugo atakaposimama kwenye mlango wa boma na kasha lake la chanjo, mzee mwenye mifugo atamkaribisha, atamsikiliza hadi mwisho, kisha atauliza: "Daktari, huyu ng'ombe wangu anaumwa nini hata umchome?"

Yule daktari atajibuje? Na mzee akikataa, nani mwenye haki ya kumlazimisha, na kwa fedha za nani?

*ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO*